Pangani ya Ghorofa ya Kwanza

Halima wa masjala ameniomba niandike namna nilivyokuwa nikifanya kazi, kabla sijasahau. Nimemjibu kwamba mimi sisahau, ila nitaandika kwa kuwa wengine husahau. Nimestaafu mwezi uliopita. Meza yangu amepewa yeye, kiti changu kimechukuliwa na mtu ambaye mpaka leo hajakiri, na kalenda ya vyumba vya mikutano, ambayo ni kazi ya mikono yangu, sasa iko kwa watu wanne wanaoulizana nenosiri. Hao wanne ndio ninaowaandikia.

Vyeo nilivyopanda sitavitaja, ingawa si vichache. Mshahara nao hauna simulizi: unaingia, unatoka. Nitasema ya kazi yenyewe.

Mimi ni mtoto wa mkata mkonge wa Pongwe. Nilimaliza kidato cha nne, nikaenda Maskati na begi moja lililofungwa kwa kamba, nikaanza kwa kubeba mizigo ya wageni hotelini. Baada ya miaka mitatu nilikuwa nimeketi kwenye kaunta ya kupokea wageni, nawapangia vyumba kwa Kiarabu, Kiingereza na Kiswahili, na jioni nasoma. Diploma yangu ya uendeshaji wa ofisi niliipata hivyo, kati ya zamu na zamu, bila mjomba wala mfadhili. Siyasemi haya kwa kujisifu. Nayasema kwa sababu ni kweli, na siku ya kuniaga watu hawakuyasema ya kutosha.

Hoteli ile ilikuwa na vyumba zaidi ya mia mbili, na zamu yangu ikiwapo hakuna wageni wawili waliopewa kitanda kimoja. Nilipochoka na joto la kule nikarudi nyumbani Tanga, nikaajiriwa kwenye mradi wetu wa ukanda wa pwani, ofisi inayoshughulika na samaki, mikoko, mwani na fukwe. Vyumba vya mikutano vilikuwa vitatu tu. Nikasema moyoni, hapa nitapumzika.

Siku yangu ya kwanza nilikuta watu wa samaki wamekaa ndani ya chumba kikubwa, na watu wa mikoko wamesimama mlangoni na wageni wao kutoka mbali. Kila upande ulikuwa na haki. Watu wa samaki waliandikwa kwenye daftari la Bi. Zaina, katibu muhtasi. Watu wa mikoko waliandikwa kwenye daftari la mlinzi, ambaye ndiye aliyekuwa akitunza funguo na kwa hiyo akajiona ana haki ya kutunza na nafasi. Chai ilikuwa imeagizwa mara moja. Wale wageni walisimama ukumbini, kila mmoja na sambusa yake mkononi, wanatabasamu kama watu waliokuja harusini wakakuta msiba.

Bi. Zaina ndiye aliyenifundisha kazi, ingawa wakati huo nilidhani mimi ndiye ninayemfundisha. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenyeji wa Nguvumali, mwenye penseli moja aliyoichomeka kwenye ushungi na kifutio alichokifunga kwa uzi kwenye daftari ili kisiibiwe. Hakuwahi kuandika kwa kalamu ya wino. Nilimwuliza sababu, akasema wino ni wa vifo na vizazi. Siku ile ya sambusa nilitaka kwenda kuwaamua wale watu mlangoni. Akanishika mkono.

"Hawa hawagombani hawa," akasema. "Chumba hugombewa na watu watatu, Bwana Salehe. Wawili wana vikao. Wa tatu ni yule aliyewaahidi wote wawili. Mtafute huyo."

Wa tatu alikuwa mkuu wetu, ambaye aliahidi kwa mdomo, kwenye ngazi, akishuka. Somo hilo nimelitumia miaka yote. Mkiona watu wawili wana nafasi moja, msianze kuwauliza wao. Ulizeni ni nani aliyesema "sawa, hakuna tabu."

Mwaka wa pili nilileta kalenda ya pamoja kwenye kompyuta. Ya kwanza ofisini kwetu, na kwa ninavyojua ya kwanza katika jengo zima. Nilichoma madaftari yote mawili uani, tendo ambalo Bi. Zaina alinisamehe baada ya muda mrefu. Sheria nilizoziweka ni chache na bado zinafaa. Kalenda ni moja, na anayejiandikia pembeni hana nafasi. Nafasi isiyo na jina la mtu si nafasi, kwa sababu "kitengo" hakipokei simu. Kikao kina saa ya kuanza na saa ya kwisha, na kisipoanza robo saa baada ya wakati wake, chumba kinarudi kwa umma. Mwenye ruhusa ya kufuta ni mmoja tu. Nilikuwa mimi. Habari ya saa za Kiswahili na saa za kompyuta sitaisimulia, maana kila ofisi ya nchi hii imeumwa na nyoka huyo na kila mtu ana kovu lake. Andikeni "asubuhi" au "mchana" mbele ya saa, yaishe.

Kalenda haikupokelewa kwa vigelegele. Bwana Mhina wa mikoko alikuwa akiandika vyumba vyote vitatu kwa saa ileile, kisha asubuhi anapita kuvikagua kama mtu anayechagua madafu, anagonga hiki, anagonga kile, na kukaa penye upepo. Nilimfungia. Akaanza kuandikisha kwa jina la dereva wake. Nikamfungia dereva.

Kisha likaja suala la inshallah. Watu waliandika "Kikao cha bajeti, inshallah," nami kwa ukali wa ugeni nikaona hicho ni kikao kisicho na uhakika. Nikaweka rangi: kijani kwa kikao cha hakika, njano kwa cha inshallah. Wiki ya pili alinijia mhasibu wetu mmoja, mtu wa ibada, aliyekwisha kuhiji. Akaniuliza kwa upole kama mimi ninayo hakika ya kesho. Nikasema sina. Akaniuliza basi hicho kijani nakitoa wapi. Aliondoka, na kufikia Ijumaa kalenda yote ilikuwa njano kama shamba la alizeti. Nikaondoa rangi.

Sasa nifike kwenye majina, maana huko ndiko ninakokwenda.

Vyumba vyetu vilikuwa havina majina ya maana. Watu walisema chumba kikubwa, chumba kidogo, na chumba cha feni, na feni yenyewe ilikwishakufa kabla sijaajiriwa. Mimi nimetoka mahali ambapo kila ukumbi una jina lake juu ya mlango, kwa shaba. Nikaagiza vibao. Chumba kikubwa nikakiita Pangani, kidogo nikakiita Pongwe kwa heshima ya marehemu baba, na cha feni nikakiita Nguvumali kwa heshima ya Bi. Zaina. Nilidhani atafurahi. Alikitazama kibao, akasema yeye ameamka alfajiri, amepanda gari kutoka Nguvumali, sasa anaambiwa aingie Nguvumali, na kama ni hivyo angebaki amelala.

Nilipaswa kujifunza kwa yaliyompata Bwana Mhina. Mkewe alipiga simu ofisini kumtafuta. Halima, ambaye ndio kwanza alikuwa ameanza kazi, akaangalia kalenda akamjibu kwa adabu zote, "Yuko Pongwe, mama, na hatoki mpaka saa nane mchana." Mke akakata simu. Kumbe kwa miezi kadhaa alikuwa na shaka na mtu fulani wa Pongwe. Saa nane mchana Bwana Mhina alitoka kikaoni akakuta ujumbe kumi na saba, na shemeji zake wawili wamekaa kwenye benchi la mlinzi. Nilimwandikia barua, kwa mhuri wa ofisi, ya kuthibitisha kwamba Pongwe ni chumba chenye meza moja na viti vinane. Mke aliisoma akauliza ni ofisi gani inayowaandikia wanaume barua za namna hiyo. Mimi nikaona tatizo hilo ni la ndoa, si la kalenda, nikaendelea.

Basi ikaja habari ya ufukwe.

Ng'ambo ya Mto Pangani kuna kikundi cha akina mama wanaolima mwani. Kiongozi wao ni Bi. Mwanakombo, mwanamke mrefu, mkavu, umri wa mama yangu mdogo, ambaye sauti yake imezoea kushindana na mawimbi. Walikuwa wakitumia kipande cha ufukwe kusimamishia vichanja vya kuanikia, nao wameomba wapewe kwa maandishi. Mwani ukianikwa juu ya kichanja unatoka safi. Ukianikwa chini unakusanya mchanga, na mnunuzi anaurudisha. Akatokea mtu mwenye nyumba za wageni pale mjini Pangani, akaomba kipande hichohicho. Shauri likapelekwa kwenye Kamati ya Ufukwe ya mradi wetu, iliyokuwa na wajumbe watano kutoka Lushoto, Korogwe na Muheza, watu wasio na shamba wala ndugu pwani, ili wasipendelee. Mwenyekiti alikuwa Mzee Shemweta wa Lushoto. Muda wa kamati ulikuwa unakwisha Ijumaa. Kikao kikapangwa Alhamisi, cha mwisho. Akina mama wasiposikilizwa siku hiyo, ombi lililokamilika lilikuwa moja tu, la nyumba za wageni.

Niliandika mwenyewe kwenye kalenda: "Kikao cha Kamati ya Ufukwe. Alhamisi, saa nne asubuhi. Pangani." Nikabonyeza, kalenda ikawatumia wajumbe wote na yule bwana wa nyumba za wageni, kila mmoja kwenye simu yake. Akina mama hawakuwa na mambo hayo, kwa hiyo Halima aliwapigia, akawaambia waje Tanga ofisini kwetu. Nilimsifu Halima kwa kukumbuka. Alichofanya kilikuwa sahihi, na nataka hilo lijulikane.

Alhamisi saa tatu na nusu walifika, saba, wakiwa wamevuka mto na kivuko cha kwanza. Walibeba viroba viwili. Kimoja kilikuwa na mwani wa kichanjani, kingine mwani wa mchangani, ushahidi wao. Niliwaamkia, nikawaingiza chumba kikubwa, wakaviweka viroba juu ya meza na chumba kizima kikanuka bahari iliyokupwa. Nilikuwa nimepanga maji, karatasi na kalamu kwa wajumbe watano. Watu wa samaki walikuja kuuliza kama Pangani iko wazi. Niliwajibu kwa fahari kwamba Pangani imejaa.

Saa nne ikapita. Kwa sheria yangu mwenyewe, saa nne na robo chumba kilipaswa kurudi kwa umma, na watu wa samaki walikwishasimama mlangoni wakitazama saa zao. Simu yangu ikalia. Alikuwa Mzee Shemweta.

"Sisi tumeshafika Pangani," akasema. "Nyie mko wapi?"

"Shikamoo mzee. Na sisi tuko Pangani."

"Marahaba. Mko upande gani? Mimi nipo hapa, mto nauona."

Nilichungulia kile kibao juu ya mlango. Kisha nikasema, "Sisi tuko ghorofa ya kwanza, mzee."

Nikamsikia akiwauliza wenzake kama Pangani kuna ghorofa.

Wao walikuwa wametoka milimani, wakapita Muheza na kuteremka moja kwa moja hadi Pangani mjini, bila kukanyaga Tanga, kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili angefanya akiambiwa kikao cha ufukwe wa Pangani kiko Pangani. Lugha yetu haikunisaidia. Ukisema kikao kiko Pangani, neno halina mlango wala dirisha la kukuonyesha kama ni chumba au mji. Nilijaribu kumweleza habari ya vibao. Alinisikiliza kwa subira ya watu wa Usambaa, kisha akasema neno lililonitoa jasho. Alisema yule bwana wa nyumba za wageni yuko naye pale, amewahi, na anaiomba kamati iandike kwamba waombaji wa pili hawakuhudhuria.

"Nikiandika hivyo shauri limekwisha," akasema. "Nami lazima niandike kitu."

Niliwageukia akina mama. Sikuwa na haja ya kuwaeleza sana, Bi. Mwanakombo alikuwa amekwishanielewa usoni.

"Mwanangu," akasema, "sisi Pangani tumeivuka alfajiri, tukaiacha nyuma, ndipo tuje huku kuitafuta Pangani?"

Wenzake walicheka. Yeye hakucheka. Alikuwa ameshika shingo ya kile kiroba cha mwani safi, na kidole chake kilikuwa kinarudisha ndani majani yaliyochomoza, moja moja. Nimesikia matusi ya kila namna kazini, kwa lugha tatu, na hakuna lililonipata kama kile kidole.

Nikamwambia Mzee Shemweta kwamba walikuja, saba, wakawahi, na kwamba waliokosea ni sisi. Akasema "sisi" haitoshi. Anataka maandishi, yenye jina la mtu mmoja, yanayosema nani kakosea, la sivyo yule bwana atapinga uamuzi kabla wino haujakauka. Nikasema nitaandika. Nikamwomba tukutane njiani, Kigombe, kila upande uje nusu. Alifikiri, akakubali, akasema lakini saa kumi jioni lazima awe ameanza safari ya kurudi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo palipo na somo, na mimi mwenye diploma ndiye niliyelikosa. Nilimpigia mtendaji wa kijiji. Nikamwuliza, "Chumba cha mikutano kipo?" Akajibu, "Kipo." Nikamshukuru nikakata. Miaka yote nimewafundisha vijana kuuliza kama chumba kiko wazi. Kuwapo kila chumba kipo.

Tulipofika Kigombe saa sita na nusu, vumbi hadi kwenye kope, ofisi ya kijiji ilikuwa imejaa. Pale palikuwa na usuluhishi wa ndoa: mume upande huu na wajomba zake, mke upande ule na mama yake, na mtendaji katikati na daftari. Kamati nayo ikaingia, na yule bwana wa nyumba za wageni na shati lake jeupe. Nikasimama mlangoni nikiwa nimetenda, mbele ya mashahidi wapatao thelathini, kosa lile lile nililolipwa nusu ya maisha yangu kulizuia.

Nilimwambia mtendaji kwamba nafasi imegongana. Hakuelewa neno hilo. Alisema wao walikuwa wamekwishaanza, na ndoa haiwezi kukatwa katikati kama muwa, ila chumba ni kikubwa. "Kaeni tu," akasema. "Hawa wakichoka, mtaanza nyie."

Tukakaa. Mzee Shemweta alikuwa akitazama saa yake. Nilikuwa nimekaa karibu yake, na njiani kwa simu alikwishanidokeza shaka iliyokuwa moyoni mwake. Alisema yeye ni mtu wa mboga na matunda, na haoni kwa nini majani yanayokauka hapa yasikauke hatua mia mbili mbele. Hata chini, jua si lilelile? Nilijua kwamba shauri la akina mama litaanguka hapo, hata kama watasikilizwa.

Mume alikuwa akilalamika. Alisema mkewe anaanika uani, juu ya paa la banda, kwenye kamba ya nguo, na juzi ameanika juu ya kitanda cha kamba anacholalia yeye. Kanzu yake ya Ijumaa inanuka pwezi. Msikitini watu wameanza kumwachia nafasi kubwa. Amehamia kwa mjomba na harudi mpaka vitu vile vitoke nyumbani kwake.

Mtendaji akamwuliza mke anasemaje. Alikuwa mwanamke kijana, kanga kaivuta hadi machoni.

"Sisi hapa hatuna vichanja, palipokuwa na vichanja pamejengwa," akasema. "Nikianika mchangani, mnunuzi ananirudishia. Nikianika uani, mume anahama. Basi wazee mliokaa hapa, niambieni nianike wapi."

Nilimwona Mzee Shemweta akiinua kichwa.

Aliomba ruhusa kwa mtendaji, ambaye alimpa bila kumwuliza yeye ni nani, akamwuliza yule mwanamke kama anachoanika ni mwani, na unaorudishwa ni upi. Bi. Mwanakombo hakungoja. Alinyanyuka na viroba vyake viwili, akavipasua, akamwaga konzi ya kila kimoja sakafuni mbele ya miguu ya mwenyekiti. Yule mke kijana akachuchumaa pale pale, hajui hata hawa ni wageni gani, akachukua ule wa mchangani akausugua kiganjani, na mchanga ukadondoka juu ya kiatu cha Mzee Shemweta.

"Huu ndio unaorudishwa," akasema.

Mume, aliyeona shauri lake linachukuliwa na watu wengine, naye akasimama. Aliuliza hao akina mama wa ng'ambo wanataka nini hasa. Akaelezwa. Akamgeukia Mzee Shemweta kama mtu anayemwombea adui yake dua.

"Wape ufukwe wao, mzee," akasema. "Usipowapa, wiki ijayo waume zao wa ng'ambo wote watakuwa wamekaa hapa nilipokaa mimi."

Chumba kilicheka, na wajumbe wakacheka, na Mzee Shemweta akajikuta anaufuta mchanga kwenye kiatu chake kwa leso na bado hauishi. Yule bwana wa nyumba za wageni alipopewa nafasi alisema maneno mazuri sana kuhusu watalii, kwa mpangilio, lakini alikuwa amesimama juu ya mwani. Kamati ilitoka nje, ikasimama kivulini kando ya ukuta, ikarudi kabla chai haijapoa. Akina mama walipewa kipande chao. Bwana yule alielekezwa mbele zaidi, ambako, kama Mzee Shemweta alivyosema, mgeni hahitaji kuanikwa.

Ya ndoa ile sikuyangoja, lakini tulipokuwa tunatoka mume alikuwa anamwuliza Bi. Mwanakombo kichanja kimoja kinahitaji miti mingapi.

Kisha nikaandika maelezo yangu, kwenye meza ya mtendaji, kwa kalamu ya wino. Mara ya kwanza niliandika, "Kosa lilitokana na kalenda." Mzee Shemweta alisoma akanirudishia. Akaniambia kalenda haitii sahihi. Mara ya pili niliandika, "Kosa lilitokana na ofisi." Akanirudishia tena, kalamu juu yake. Mara ya tatu niliandika kwamba akina mama saba wa kikundi cha mwani walifika Alhamisi saa tatu na nusu asubuhi, kabla ya wakati, mahali walipoitwa. Kwamba wajumbe nao walifika mahali walipoitwa. Na kwamba aliyewaita watu mahali pawili kwa neno moja ni mimi. Nikaweka jina langu kamili, na mbele ya jina, Diploma. Alitazama hapo kwenye Diploma kwa muda, akapiga mhuri.

Nilirudi Tanga nikavibandua vile vibao siku iliyofuata kwa bisibisi, mwenyewe. Vyumba sasa ni Moja, Mbili na Tatu, na mkikuta mtu anataka kuvipa majina ya mito au milima, mpeni karatasi hii asome kwanza. Na mkipiga simu kuuliza chumba, ulizeni kama kiko wazi.

Wiki tatu baada ya kuagwa nilivuka mto kwenda kutembea, kwa kuwa sasa Alhamisi zangu ni zangu. Vichanja vimejaa pwani yote ile, mwani umetandazwa juu yake, safi. Nilimkuta Bi. Mwanakombo na mpimaji mmoja wa ardhi, kijana mwenye kofia, aliyekuja kuuliza kwa nini wako pale na kwa ruhusa ya nani. Mama huyo alikuwa amemtolea karatasi mbili kutoka kwenye mfuko wa plastiki. Ya kwanza, ya uamuzi wa kamati, alimpa ashike tu, maana ina lugha nzito. Ya pili aliifungua mwenyewe, akaisoma kwa sauti ile ya kushindana na mawimbi, na akina mama waliokuwa wanageuza mwani wakawa wanaitikia pamoja naye, neno kwa neno, kama watu wanaoijua kwa moyo: walifika, saba, saa tatu na nusu asubuhi, mahali walipoitwa, na aliyewaita watu mahali pawili kwa neno moja ni mimi, Salehe Mbwana Kidege, Diploma.

Nimeandika nyaraka nyingi katika kazi yangu, nyingine za kurasa arobaini. Hiyo ndiyo peke yake niliyowahi kusikia ikisomwa.

Aliponiona hakuikunja. Alimwonyesha mpimaji kwa kidole.

"Ndiye yule pale," akasema. "Mwulize mwenyewe kama ni uongo."

Mpimaji akageuka kunitazama. Nikavua viatu, nikapita kwenye mchanga hadi walipo, nikamwambia kwamba ni kweli tupu, na sahihi ni yangu.